Kupima chuma cha maji ya kisima kwa mwanga: kuanzia kwenye pampu mpaka kwenye jibu

Karatasi ya majibu niliyoipeleka kijijini ilisema maji yana chuma miligramu 0.2 kwa lita. Mama ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza kutoka kwenye pampu hakutaka hata kuisoma. Alinishika mkono akanipeleka uani, kwenye kamba ya kuanikia. Mashuka, mashati ya shule, kanzu ya mumewe, vyote vilikuwa na madoa ya rangi ya kutu. "Mwanangu, haya ndiyo maji mnayosema ni mazima?" Kisha akanikaribisha chai. Ilikuwa imeiva weusi ambao majani ya chai peke yake hayautoi, na ndizi za jana zilizobaki sufuriani zilikuwa zimegeuka kijivu.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza maabara, mkoani Kagera. Leo nina miaka 19 katika kazi hii, na kila kundi la vijana wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo nalianzia kwenye ile kamba ya nguo. Chuma ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa kumfundishia mtu spektroskopia, yaani kupima vitu kwa mwanga. Rangi yake unaiona kwa macho, hesabu yake ni nyepesi, na mahali unapoweza kukosea unapaona waziwazi ukishaonyeshwa.

Kwanza niseme nilikosea wapi. Maji ya kisima kirefu yakiwa bado ardhini hukosa hewa. Chuma kilichomo kimeyeyuka, kila atomu ikiwa imepoteza elektroni mbili, na maji yanatoka bombani yakiwa maangavu kabisa. Yakikutana na hewa, atomu inapoteza elektroni ya tatu, na chuma cha namna hiyo hakikai kwenye maji ya kawaida: kinaganda kuwa chembe za kutu, zinazama. Ndiyo sababu ndoo iliyotekwa asubuhi ikiwa safi inakutwa jioni na utando juu na tope la kahawia chini. Mimi nilichota kwenye chupa tupu ya maji ya dukani, nikasafiri nayo siku mbili, ikalala mezani usiku mzima, halafu nikamimina polepole kutoka juu nisiitibue. Nilidhani ndio usafi wa kazi. Kutu yote ilibaki chini ya chupa. Spektrofotomita, mashine yetu ya kupima mwanga, ilisoma sawasawa maji niliyoipa, ila maji niliyoipa hayakuwa tena maji ya kile kisima.

Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu ni mambo yanayofanyika kabla hujaiwasha mashine.

Mwanga unavyohesabu

Elektroni za molekuli hukaa kwenye madaraja, na kati ya daraja na daraja kuna pengo la nishati lenye kipimo chake. Mwanga ukija na nishati inayolingana na pengo hilo unamezwa, elektroni inapanda daraja. Usiolingana unapita zake. Kila rangi ya mwanga ina nishati yake, ambayo sisi tunaitaja kwa urefu wa wimbi, kwa nanomita: zambarau iko karibu na 400, nyekundu inaishia karibu na 700. Rangi unayoiona kwenye kimiminika ni ile iliyobaki baada ya nyingine kumezwa. Kimiminika chenye rangi ya machungwa kinameza buluu na kijani, kwa hiyo ukitaka kukihesabu kipelekee mwanga wa kijani-buluu, usikipelekee wa machungwa ambao hakina habari nao.

Chuma peke yake, kwa viwango vya kisimani, kina rangi hafifu mno. Tunakipa mwenzi anayeitwa fenanthrolini. Molekuli tatu za fenanthrolini huikumbatia atomu moja ya chuma, na hapo inazaliwa rangi ya machungwa inayoelekea wekundu, imara, inayoweza kukaa muda mrefu bila kufifia. Kilele cha umezaji wake kiko kwenye nanomita 510. Lakini rangi hii nzuri hutokana na chuma kilichopoteza elektroni mbili tu. Kile cha kutu, kilichopoteza tatu, lazima kirudishiwe elektroni moja kwanza. Kazi hiyo inafanywa na haidroksilamini.

Sasa kanuni. Pitisha mwanga kwenye kimiminika mpaka ubaki nusu. Weka mbele yake kimiminika kingine cha namna ile ile, unene ule ule. Hausalii sifuri, inasalia nusu ya nusu. Pierre Bouguer aliligundua hili mwaka 1729, Johann Lambert akaliwekea hesabu mwaka 1760, na August Beer mwaka 1852 akaonyesha kwamba kuongeza ukolezi kunafanya kazi sawa na kuongeza unene. Kwa kuwa mwanga unapungua kwa kugawanyika namna hii, mashine inachukua logi ya uwiano wa mwanga ulioingia kwa uliotoka, na kukupa namba iitwayo ufyonzwaji. Ufyonzwaji wa 1 maana yake imepita sehemu moja ya kumi. Ufyonzwaji wa 2, sehemu moja ya mia. Uzuri wa logi ni kwamba namba hii inapanda kwa mstari ulionyooka kadiri ukolezi unavyopanda: ufyonzwaji ni sawa na nguvu ya kimiminika kumeza mwanga, mara unene wa kuveti (kichupa chenye pande angavu kinachobeba kimiminika ndani ya mashine) kwa sentimita, mara ukolezi kwa moli kwa lita.

Tuifanye kwa chuma chetu. Nguvu ya kumeza ya chuma na fenanthrolini kwenye 510 ni takriban 11,100. Moli moja ya chuma ina uzito wa gramu 55.85, kwa hiyo miligramu 1 kwa lita ni moli 0.0000179 kwa lita. Zidisha 11,100 kwa 0.0000179 kwa sentimita 1 ya kuveti: unapata 0.199. Sema 0.20. Namba hii iweke kichwani kama unavyoweka namba ya simu ya mama yako. Kila miligramu moja ya chuma kwa lita, 0.20. Siku standadi yako ya miligramu 1, yaani kimiminika ulichokitengeneza ukijua kina chuma kiasi gani, itakapokupa 0.12, hutahitaji mtu akwambie kwamba kemikali imeharibika au umekosea kunyonya kwa pipeti.

Mashine yenyewe ni rahisi kuielewa. Kuna taa ya halojeni. Kuna kioo chenye mistari myembamba sana iliyochorwa kwa maelfu, kinachoutawanya mwanga kama upinde wa mvua. Kuna upenyo mdogo unaochagua rangi moja tu ipite, kisha kuveti, kisha kipokezi kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Washa mapema, taa itulie walau dakika 20 kabla ya kusoma chochote. Kuveti ya kioo au plastiki inatosha kwa 510. Ukishuka kwenye mwanga wa urujuani usioonekana, chini ya nanomita 320 hivi, kioo chenyewe kinaanza kumeza mwanga; huko tumia kuveti ya kwatzi, na uishike kama yai.

Kwenye pampu

Chukua chupa ya plastiki iliyooshwa kwa tindikali ya nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa. Chupa ya dukani hapana. Beba tindikali ya nitriki kali kwenye kichupa kidogo chenye kifuniko cha kubana, na miwani na glavu mfukoni, si kwenye boksi lililobaki garini. Piga pampu, jaza nusu lita, na hapo hapo, kabla ya kumsalimia mtu yeyote, weka mililita 1 ya tindikali. Hiyo inaishusha pH, kipimo cha ukali wa tindikali, chini ya 2, na kwenye maji yenye tindikali kiasi hicho chuma hakigandi wala hakishiki kwenye ukuta wa chupa. Jaribu kwa karatasi ya pH. Maji yenye magadi mengi huhitaji matone zaidi.

Andika kwenye chupa siku, saa, na jambo ambalo wengi hulisahau: pampu ilikuwa imepigwa kwa muda gani kabla hujachota. Nitaeleza mbele kwa nini.

Kama unataka kujua chuma kilichoyeyuka peke yake, chuja pale pale kwa karatasi ya tundu la mikromita 0.45, kisha ndipo utie tindikali. Ukitia tindikali kwanza umeshayeyusha kutu, na kuchuja hakuna maana tena. Kwa malalamiko ya madoa na chai nyeusi mimi napima chuma chote, sichuji.

Standadi

Mashine haina habari na neno chuma. Inajua mwanga umepungua kiasi gani. Kuifundisha kiasi gani cha chuma kinapunguza mwanga kiasi gani ni kazi ya standadi, na standadi unaitengeneza kwa mikono yako.

Pima gramu 0.7022 za chumvi ya Mohr, yaani salfeti ya chuma na amonia yenye maji sita. Kwenye mililita 50 za maji yaliyokenekwa mimina polepole mililita 20 za tindikali ya salfuriki kali, tindikali ikienda kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Ikipoa yeyusha chumvi yako humo, kisha jaza mpaka lita moja. Hiyo ina miligramu 100 za chuma kwa lita. Kila siku ya kazi chukua mililita 10 zake, zijaze mpaka 100: umepata miligramu 10 kwa lita, nayo usiilaze. Ukiwa na standadi ya kununua ya miligramu 1,000, mililita 10 kwenye lita moja zinakupeleka pale pale.

Kutoka kwenye hiyo ya 10, nyonya mililita 1, 2, 5, 10 na 20, kila moja kwenye chombo chake. Zikishamaliza safari yote na kujazwa mililita 100 zitakuwa 0.1, 0.2, 0.5, 1.0 na 2.0. Ongeza chombo cha sita chenye maji yaliyokenekwa tu. Hicho ndicho blanki.

Nimesema safari yote. Standadi na blanki zinapitia kila hatua ambayo sampuli inapitia, tindikali ile ile, kuchemshwa kule kule. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini achemshe maji matupu ambayo hayana kutu. Kwa sababu kemikali zenyewe zina chuma kidogo. Asetati ya amonia, tunayotengenezea bafa ya kushikilia pH, ina sifa hiyo tangu kiwandani, na kila ukitengeneza bafa mpya unapaswa kutengeneza mstari mpya wa standadi. Blanki inakusanya uchafu huo wote mahali pamoja ili uutoe.

Kuipika sampuli

Tikisa chupa vizuri, kisha nyonya mililita 50 mara moja, kabla chochote hakijatulia. Tia kwenye flaski, yaani chupa ya kioo ya maabara, ya mdomo mwembamba. Ongeza mililita 2 za tindikali ya hidrokloriki kali na mililita 1 ya haidroksilamini (gramu 10 kwa mililita 100). Tupia gololi mbili tatu za kioo maji yasirukeruke. Chemsha ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta mvuke, mpaka zibaki mililita 15 hadi 20. Hapa ndipo kutu inapoyeyuka na chuma kinaporudishiwa elektroni yake. Usiharakishe kwa kuongeza moto, na usiondoke ukaenda kunywa chai, kwa sababu flaski ikikauka kazi imekufa. Haidroksilamini ni sumu na inawasha ngozi, glavu zibaki mikononi.

Ikipoa, hamishia kwenye flaski ya ujazo wa mililita 100, suuza ile ya kwanza mara mbili tatu na maji ya kusuuzia yaingie humo humo. Tia mililita 10 za bafa ya asetati. Utasikia harufu ya siki. Bafa inashikilia pH karibu na 3 hadi 3.5, mahali ambapo rangi hutokea upesi. Tia mililita 4 za fenanthrolini (gramu 0.1 kwa mililita 100, pamoja na matone mawili ya hidrokloriki). Jaza mpaka kwenye alama, geuza flaski juu chini mara kadhaa, na subiri dakika 10 hadi 15.

Kila mara ninaposimama mbele ya zile flaski zikiwa zimepangwa, kutoka ile isiyo na rangi mpaka ile ya machungwa iliyokolea, nafurahi kama siku ya kwanza. Macho yako yanaweza kukwambia sampuli iko kati ya flaski gani na gani kabla mashine haijasema. Yaamini. Jicho likisema moja na mashine ikasema nyingine, rudia kipimo.

Kusoma

Weka mashine kwenye 510. Mara ya kwanza na kemikali mpya, mimi huiambia mashine itembee kuanzia 400 mpaka 600 nione kilele kilipo. Kikiwa 510 naendelea. Kikiwa kimehama, natafuta sababu.

Suuza kuveti kwa kimiminika chenyewe, mwaga, jaza, futa pande zile angavu kwa karatasi laini isiyoacha nyuzi. Vidole vishike pande zenye ukungu tu. Alama ya vidole inameza mwanga kama chuma kinavyomeza, na mashine haitofautishi. Tazama kama kuna kiputo. Elekeza kuveti upande ule ule kila mara. Weka blanki, bonyeza sifuri, kisha soma standadi kuanzia nyepesi kwenda nzito.

Siku ya kawaida mimi hupata 0.021, 0.040, 0.101, 0.199 na 0.398. Chora ukolezi chini na ufyonzwaji pembeni, pitisha mstari. Mwinuko uwe karibu na 0.20, na mstari upite karibu kabisa na sifuri. Watu hufurahia kompyuta ikiwaonyesha nukta zimelala vizuri kwenye mstari, lakini mstari unaweza kunyooka vizuri sana ukiwa na mwinuko wa uongo. Angalia vyote viwili.

Usomaji mzuri uko kati ya 0.1 na 1. Chini sana, tofauti ya blanki na sampuli inapotelea kwenye mtikisiko wa mashine. Juu sana, mwanga unaofika ni mdogo hata mwanga mpotevu ndani ya mashine unahesabiwa kama umepita, na mstari unaanza kupinda.

Kitu kingine kinachodanganya ni ukungu. Mwanga unaopotea kwa kutawanywa na chembe ni mwanga uliopotea, na mashine itauandika wote kwenye hesabu ya chuma. Kama baada ya kuchemsha bado maji yana ukungu au rangi ya majani yaliyooza, tengeneza flaski ya pili ya sampuli hiyo hiyo, kila kitu isipokuwa fenanthrolini. Soma zote mbili, toa.

Halafu kuna jaribio ninalolilazimisha kwa kila kisima kipya. Chukua sampuli ile ile mara mbili, na ya pili uiongezee mililita 5 za standadi ya miligramu 10 kabla ya kuchemsha. Umeongeza miligramu 0.5 kwa lita kwenye flaski ya mwisho, kwa hiyo ufyonzwaji lazima upande kwa 0.10. Ukipanda kwa 0.06, kuna kitu ndani ya maji kinaizuia rangi. Katika visima vya pampu ya mkono wa kumtuhumu kwanza ni zinki kutoka kwenye mabomba yaliyopakwa zinki. Zinki nayo inaipenda fenanthrolini, na ikizidi chuma mara kumi inaimaliza. Ongeza fenanthrolini, rudia. Fosfeti na nitriti nazo husumbua, lakini zile za kawaida huondoka kwenye kuchemsha na tindikali.

Kisima cha yule mama

Nilirudi na chupa sahihi, na tindikali. Mililita 50 za sampuli zilinipa 0.46. Standadi yangu ya juu ilikuwa 0.40, na jibu lililo nje ya mstari silitoi, hata kama mstari unaonekana utaendelea kunyooka. Nikachukua mililita 25 za maji yale, nikapitisha hatua zote, nikajaza 100. Ikasoma 0.23. Gawanya kwa 0.20: miligramu 1.15 kwa lita kwenye flaski. Lakini kwenye flaski maji ya kisima yalikuwa robo tu, kwa hiyo zidisha kwa 4. Miligramu 4.6 kwa lita.

Kusahau kuzidisha ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Umetumia mililita 50 kwenye 100? Mara mbili. 25? Mara nne. Iandike pembeni ya daftari kabla hujasoma mashine.

Kuanzia miligramu 0.3 kwa lita hivi ndipo chuma huanza kutia madoa kwenye nguo na vyombo, na ladha ya chuma nayo hufuata. Maji ya yule mama yalizidisha zaidi ya mara kumi na tano. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha chuma kwa sababu ya afya. Hata hivyo, kisima chenye maji mabaya kiasi hiki watu hukikimbia wakarudi kwenye dimbwi, na kwenye dimbwi kuna kipindupindu. Ndivyo chuma kinavyoumiza.

Ikabaki swali ambalo wanakijiji wana haki ya kujibiwa: chuma kinatoka mwambani au kwenye bomba letu? Maji yenye pH chini ya 6.5 hula mabomba yaliyopakwa zinki. Yakilala ndani ya bomba usiku kucha yanakula chuma cha bomba lenyewe, na anayechota wa kwanza asubuhi anabeba kutu ya bomba. Kwa hiyo nenda kabla ya alfajiri, omba pampu isiguswe, chota maji ya kwanza kabisa. Kisha akina mama wapige pampu mfululizo, na wewe chota tena kila dakika 10 kwa saa nzima. Kisimani kwa yule mama maji ya kwanza yalikuwa 4.6, na baada ya saa nzima 4.2. Mwamba. Kisima cha kijiji jirani kilianza na 5.0, na baada ya dakika 40 kikashuka mpaka 0.3. Hicho tulikibadilishia mabomba, tukaweka ya plastiki na fimbo isiyoshika kutu, na malalamiko yakaisha. Usipoandika kwenye chupa pampu ilipigwa muda gani, visima hivi viwili vinafanana, na kijiji kimoja kitatumia fedha zake bure.

Ukitoka kwenye chuma

Ukishaelewa chuma na fenanthrolini, mashine nyingine zote unazielewa kwa kuuliza maswali mawili: ni nini kinachomeza au kutoa mwanga, na ni mwanga upi.

Ukitaka chuma, risasi, shaba na manganizi kwa siku moja, mashine ya atomu ndiyo yako. Alan Walsh wa Australia aliitambulisha mwaka 1955. Sampuli inapuliziwa kwenye mwali wa asetilini na hewa, joto la takriban nyuzi 2,300 za Selsiasi, molekuli zinavunjika zinabaki atomu moja moja, na taa iliyotengenezwa kwa chuma chenyewe inaangaza kupitia mwali. Atomu za chuma zinameza mwanga wa taa ya chuma kwenye nanomita 248.3, na karibu hakuna kingine kinachoingilia. Hakuna haja ya fenanthrolini. Kuna haja ya mtungi wa asetilini, nao sina mzaha nao.

Mwali wenyewe ukiutazama bila taa unakupa fotomita ya mwali, ambayo imepima sodiamu kwa njano yake ya 589 na potasiamu kwa 766 katika maabara nyingi za hospitali. Mizizi yake iko kwenye maji kama sisi: wanasayansi Bunsen na Kirchhoff, huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1860, waliyakausha maji ya chemchemi ya Dürkheim, wakayatia kwenye mwali, wakaona mistari miwili ya buluu isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Ilikuwa sesiamu.

Floridi, tatizo la ndugu zetu wa Arusha na Meru, inapimwa kwa rangi inayokimbia. Unaanza na rangi nyekundu ya zirkoni, floridi inamnyang'anya zirkoni mwenzi wake, rangi inafifia, na kwenye 570 ufyonzwaji unashuka floridi inavyopanda. Mstari unalala kinyume. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na hapo, tofauti na chuma, tunazungumzia meno na mifupa ya watoto.

Sumukuvu ya mahindi na karanga, yaani aflatoksini, inafanya kinyume kabisa: inameza mwanga wa urujuani usioonekana na kutoa mwanga wake yenyewe. Herufi B na G katika majina ya aflatoksini B1 na G1 ni rangi hizo, buluu na kijani. Na ukitaka kujua kama dawa ni dawa kweli, mwanga wa infraredi unatikisa vifungo vya molekuli badala ya kupandisha elektroni. Kila molekuli hutikisika kwa namna yake, kama alama ya kidole.

Kuandika jibu

Andika miligramu kwa lita, chuma chote au kilichoyeyuka, pampu imepigwa muda gani, tindikali iliwekwa saa ngapi, na ni njia gani uliyotumia. Usiandike 4.613 kwa sababu kompyuta imeandika 4.613. Mstari wako hauna uhakika huo. Andika 4.6.

Kamati ya maji ya kile kijiji ilijenga mnara mdogo kando ya pampu: maji yanadondoka kwa matone kupitia bati lenye matundu ili yakutane na hewa, yanatulia kwenye tanki, kisha yanapita kwenye kokoto na mchanga. Chuma kinageuka kutu huko juu na kinabaki mchangani, unaofuliwa kila baada ya wiki chache. Nilikwenda kuyapima yalipoanza kutoka. Tindikali hapo hapo, mililita 50, kuchemsha, yote. Kwa kuwa nilitarajia kidogo, nilitumia kuveti ndefu ya sentimita 5, maana unene ukiongezeka mara tano ufyonzwaji nao unaongezeka mara tano. Ilisoma 0.10. Gawanya kwa 5, gawanya kwa 0.20, zidisha kwa 2.

Nikaandika 0.2, namba ile ile ya karatasi yangu ya kwanza, nikaipeleka kwa yule mama. Safari hii aliisoma. Kisha akaenda uani akaleta shati la shule la mjukuu wake, jipya la muhula ule, akalikunjua mbele yangu akalishika juu kwenye mwanga.